Mini ya zamani yenye injini ya Honda: rimu ya 10, 12 au 13?

Ukiona mtu kaingiza injini ya Honda kwenye Mini ya zamani ujue swali linalofuata ni rimu, na karibu kila mara linaulizwa hivi: niweke 13 au nibaki na 10? Kana kwamba ni namba moja tu, unaichagua, unalipa, yameisha. Sasa ile inchi iliyoandikwa kwenye rimu yenyewe haisemi mengi. Haisemi injini itapiga kelele kiasi gani ukiwa kwenye barabara ndefu, haisemi gari litakaa juu au chini, haisemi hata kama tairi itasugua fenda. Inachosema cha maana ni kimoja, breki ya ukubwa gani itaingia humo ndani. Mengine yako kwenye tairi na ofseti, yaani rimu imekaa ndani au nje kiasi gani, na kwa aliyebadili injini kuna la giaboksi ambalo ndo linapiga watu chenga kuliko yote.

Kwanza tujue inchi 10 zilitoka wapi. Mini ilipozaliwa 1959 Alec Issigonis alitaka gari la urefu wa mita 3 na kidogo libebe watu wanne na mizigo yao, na magurudumu makubwa yanakula nafasi ya ndani kwa sababu lazima uyaachie mashimo makubwa kwenye bodi, kwa hiyo Dunlop wakatengeneza tairi ndogo kabisa kwa ajili ya gari hilo. Rimu ilikuwa na upana wa inchi 3.5 tu, tairi 5.20-10, injini cc 848 yenye nguvu farasi 34, na gari zima kama kilo 600 hivi. Vyote vinaelewana. Mwaka 1984 wakahamia inchi 12 na sababu ilikuwa breki, walitaka diski za mbele za inchi 8.4 na zile haziingii kwenye rimu ya 10. Zile za 13 zenye upana wa inchi 6 zilikuja miaka ya tisini na fenda zake pana, na hapo tusidanganyane, ilikuwa ni muonekano.

Haya, chukua kalamu. Kipenyo cha tairi kinapigwa hivi: upana mara asilimia unapata urefu wa ukuta wa tairi, unauzidisha mara mbili kwa sababu upo juu na chini, halafu unajumlisha rimu, inchi moja ni milimita 25.4. Tairi ya 145/80R10, yaani upana milimita 145, asilimia 80, rimu ya inchi 10, ina ukuta wa milimita 116, mara mbili 232, jumlisha 254 za rimu, unapata 486. Tairi ya 165/70R10 ambayo ndo wengi wa inchi 10 wanaipenda inatoka 485. Ukienda 165/60R12 ni 503. Na 175/50R13, ile ya wenye mikogo, ni 505.

Umeona kilichotokea? Rimu imepanda inchi tatu nzima, milimita 76, lakini gurudumu zima limekua milimita 19 tu, hata asilimia 4 haijafika, na gari limenyanyuka nusu ya hizo yaani chini ya sentimita moja. Kilichobadilika kweli ni ukuta wa tairi, umetoka 116 ukaja karibu 88. Na kwenye Mini huo ukuta si urembo, ni sehemu ya suspensheni, maana Mini haina springi za chuma kama magari mengine, ina koni za mpira alizobuni Alex Moulton, ni ngumu, safari yake ya juu na chini ni fupi, kwa hiyo tairi nene inasaidia sana kumeza mashimo madogo madogo. Ukiweka 175/50R13 halafu koni bado zile zile utakuwa unahesabu kokoto moja moja kwa kiuno. Aliyetoa koni akaweka koilova, yaani springi ya chuma na shokapu kwa pamoja, ana nafuu kidogo kwa sababu anaweza kulainisha upande huo, ila naye asitegemee miujiza.

Sasa giaboksi. Mini ya asili giaboksi yake iko chini ya injini, inakaa kwenye sampu, lile bakuli la oili, wanatumia oili moja. Ukitoa injini hiyo giaboksi nayo imetoka, na ukiingiza injini ya Honda kama B16 au K20 unaingia na giaboksi ya Honda iliyopangiwa magurudumu ya Honda. Chukua Civic Type R ya kwanza, EK9 ya 1997, ilitoka na tairi 195/55R15, ukipiga hesabu ile ile ni kipenyo cha milimita 595. Wewe unaipa gurudumu la 485. Ni kama umemvalisha mtu mrefu viatu vya mtoto halafu unamwambia akimbie mwendo ule ule, atafika lakini hatua zitakuwa nyingi.

Tuseme giaboksi yako ina gia ya tano ya 0.85 na difu ya 4.4, zidisha unapata 3.74, maana yake injini inazunguka mara 3.74 gurudumu likizunguka mara moja. Kwenye gurudumu la 595 ukiwa kilomita 100 kwa saa injini iko kwenye mizunguko 3,300 hivi kwa dakika, gari la kawaida kabisa. Kwenye gurudumu la 485 mwendo ule ule injini iko 4,100. Na hii ni gia ya tano, hakuna nyingine ya kupanda. Kinachonichekesha ni kwamba Mini ya 1959 gia yake ya juu ilikuwa moja kwa moja, yaani 1.0, na difu ilikuwa 3.765, kwa hiyo umetumia miezi kukata chuma, umechomea sabufremu mpya, ile fremu ndogo inayobeba injini, umetengenezesha shafti, na ukiwa kwenye kilomita 100 injini inazunguka karibu sawasawa na ile ya babu yake, ila hii ina nguvu mara tano na sasa kelele zake unazisikia vizuri zaidi kwa sababu ekzosi nayo ulibadilisha.

Upande wa pili wa hesabu ni mtamu mwanzoni. Gurudumu dogo linaongeza msukumo chini, kama asilimia 22 kwa mfano wetu, kwa torki ile ile ya injini. B16A ilitoka 1989 na farasi 160 kwenye cc 1,595, K20A za Type R zinapita farasi 200, na sasa unazipa gari jepesi na gia zilizofupishwa, kwa hiyo gia ya kwanza inaisha kwenye kilomita 50 na kidogo hata ukiivuta mpaka mizunguko 8,000, na nusu ya muda huo tairi zinasugua lami tu bila kwenda popote. Watu wanaona moshi wanashangilia. Lakini ukishatoka na gari jepesi hivyo huna haja ya gia ya kwanza fupi kiasi hicho, unaipoteza bure, unabadilisha kwenda ya pili kabla hujakaa sawa.

Ndo hapo mtu anasema basi naenda 13 nirekebishe gia. Hapana. Tumeshaona 13 yenye 175/50 ni 505 tu, mizunguko inashuka kutoka 4,100 kwenda 3,900, hutaisikia hata ukitega sikio. Ili rimu ya 13 ikusaidie kweli kwenye gia lazima uweke tairi nene kama 175/60R13, hiyo ni milimita 540, na hapo unapata karibu 3,700, lakini sasa umeleta gurudumu ambalo bodi ya Mini haikuliwazia, itabidi ukate ndani ya fenda za mbele na huenda hata za nyuma, na ukikata kona tairi inasugua. Dawa ya gia iko kwenye difu au kwenye giaboksi yenyewe. Tafuta giaboksi ya familia hiyo hiyo ya injini ila ile iliyotoka kwenye gari la kawaida na siyo la spoti, mara nyingi ina gia ya tano ndefu, ukipata mathalani 0.75 na difu ya 4.25 unashuka mpaka kama 3,500 bila kugusa tairi. Hiyo hela ya rimu za 13 ulizotaka kununua kwa ajili ya gia, ipeleke huko.

Na usisahau spidomita. Kama unatumia kipimo cha Honda kinachosoma kwenye giaboksi ya Honda, chenyewe kinaamini bado kina magurudumu ya 595, kwa hiyo kikikuonyesha 100 wewe uko kama 81 na nusu. Hutapigwa faini kwa mwendo, ila kilomita zako zote zinahesabiwa kwa ziada na ratiba ya kubadili oili inakuwa ya uongo. Kuna vifaa vidogo vya umeme vya kusahihisha ishara, au unaweka spidomita ya GPS, kazi imekwisha.

Kama gia haiamui rimu basi nini kinaamua? Breki. Hapa ndo ile inchi inapata kazi yake. Kuna watu wanafikiri kwa kuwa wameleta injini ya EK9 watabeba na breki zake, lakini diski za mbele za EK9 ni milimita 282 na rimu ya inchi 10 yote ni 254, yaani diski peke yake ni kubwa kuliko rimu! Hata kwenye 13, yenye 330, ukishaweka kalipa juu ya diski hiyo na kukumbuka kwamba chuma cha rimu nacho kina unene na kina bonde lake katikati, haiingii. Kwa hiyo unabaki kwenye breki za ukoo wa Mini. Kwenye 10 ukubwa unaozoeleka ni diski za inchi 7.5 za Cooper S, ile Mini ya spoti, au zilizopanuliwa kidogo kwa kalipa nyembamba za aluminiamu. Kwenye 12 unapata zile 8.4, ambazo ni milimita 213, na ukitaka za kupitisha hewa katikati zipo. Kwenye 13 unapata nafasi ya kalipa nene zaidi.

Usidharau hizo 8.4 kwa sababu ya namba. Mini yenye swopu, yaani iliyobadilishwa injini, bado iko chini sana kwa uzito ya EK9 ambayo inapita kilo 1,000, na joto la breki linatokana na uzito na mwendo. Ila mwendo unazidishwa kwa mwendo wenyewe, yaani kipeo cha pili, kwa hiyo kusimama kutoka 170 kunamwaga joto mara mbili ya kusimama kutoka 120, na gari ambalo zamani 120 ilikuwa sala sasa linafika 170 kabla hujamaliza kukohoa. Ndo maana mimi swopu ya Honda kwenye rimu za 10 siikubali kwa mtu anayeendesha kwa nguvu. Inapendeza, najua, Mini kwenye 10 inakaa vile ilivyochorwa, usukani mwepesi, inageuka kama paka, lakini breki za inchi 7.5 zilipangiwa injini zenye nusu ya nguvu hiyo au chini yake. Kama ni B16 ya kutembelea Jumapili polepole sawa.

Kuna na herufi kwenye tairi ambazo watu hawasomi. Tairi nyingi za kawaida za 145/80R10 zina alama kama 69S, hiyo 69 ni mzigo wa kilo 325 kwa tairi moja na S ni mwisho kilomita 180 kwa saa. Piga hesabu ya gia zetu pale juu, gia ya tano kwa mizunguko 8,000 inafika 195 hivi, kwa hiyo injini yako inaweza kuivusha tairi mpaka wake. Tafuta H, ambayo ni 210, kwenye 165/70R10 na 165/60R12 zipo. Uzuri wa 13 uko hapa kwa kweli, si kwenye muonekano, ni kwamba inchi 13 ilitumika kwenye magari mengi ya mashindano madogo kwa hiyo tairi laini za kushika barabara zinapatikana kwa aina nyingi, wakati kwenye 10 watengenezaji wanahesabika kwa vidole na ukipata tairi nzuri unanunua nne kwa mpigo na kuomba wasiache kuitengeneza.

Upana nao una kiasi chake. Gari la kilo 700 na tairi pana sana haipati joto, mpira unabaki mgumu, na kwenye maji inaelea mapema kwa sababu uzito umetawanyika. Ukiwa na 165 au 175 mbele inatosha kwa B16. Kinachosaidia zaidi kwenye kutoka ni difu ya LSD, inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, maana bila hiyo gurudumu moja la mbele ndo linateseka na jingine linaangalia.

Ofseti sasa, hapa tutulie kidogo. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapogusana na habu. Ukitoka rimu ya upana wa inchi 5 kwenda 6 na ofseti ile ile, inchi iliyoongezeka inagawanyika, milimita 12.7 zinaingia ndani na 12.7 zinatoka nje. Ukipunguza na ofseti kwa milimita 10 basi nje zinatoka 22.7 na ndani zinaongezeka 2.7 tu. Wengi wanapenda kutoa nje kwa sababu ndani kuna boljointi, tairodi na kalipa, na nje kuna fenda ya kubandika ambayo kila mtu anaiona. Lakini kila milimita unayotoa nje unaongeza umbali kati ya katikati ya tairi na mstari ambao gurudumu linageukia, na injini yenye nguvu inatumia umbali huo kama wenzo, unakanyaga mafuta usukani unakuvuta kulia, unaachia unakuvuta kushoto. Kwa farasi 34 hii ilikuwa haisikiki. Kwa 160 mikono inachoka. Beringi za mbele nazo zinabeba mzigo kwa pembe mbaya, zinakufa mapema. Na kama sabufremu yako ya swopu imeshapanua magurudumu ya mbele kuliko ya kiwandani, ambayo baadhi ya seti za swopu zinafanya, basi rimu ya ofseti ndogo iliyokaa vizuri kwenye Mini ya jirani kwako itatoka nje ya fenda kabisa. Pima gari lako, usipime la mtu.

Kupima kwenyewe si kazi ya macho. Toa koni au legeza koilova ili gurudumu lipande mpaka mwisho wake wa juu, nyanyua kwa jeki chini ya habu, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ukiwa juu, katikati na chini, na uangalie mbele kwa nyuma. Kwenye kalipa bandika vipande vya udongo laini, funga rimu, zungusha taratibu, toa uangalie udongo umebaki unene gani. Ukikuta umebaki chini ya milimita 3 mimi siondoki hapo, kwa sababu rimu inajipinda kidogo kwenye kona na kokoto moja ikiingia katikati inachora mfereji.

Kama nikilazimishwa kusema, B16 ya barabarani nampa 12, rimu ya upana wa 5 au 5.5, tairi 165/60R12, diski za 8.4 za kupitisha hewa, na giaboksi ndefu. Gari linabaki na uzito mdogo kwenye magurudumu, ukuta wa tairi bado unameza kitu, na breki zinatosha. K20, au mtu wa kwenda traki, huyo 13 bila ubishi, ya upana wa 6, kwa ajili ya kalipa na aina za tairi, na akubali usukani mzito na fenda pana.

Halafu kabla hujalipia rimu yoyote hesabu boliti zako upya. Mini duara lake la boliti ni nne kwa milimita 101.6, yaani inchi 4 kamili, Honda nyingi za ukubwa huo ni nne kwa 100. Swopu ikiwa imekuletea habu za Honda mbele na nyuma umebaki na za Mini, una gari moja lenye maduara mawili, na tofauti ni milimita 1.6 tu kwa hiyo rimu itaingia ukiilazimisha kidogo, nati zitakaza, utaona iko sawa. Haiko sawa. Kila boliti inavutwa pembeni karibu milimita moja, nati haikai sawasawa kwenye tundu lake, usukani unatetemeka na wewe unahangaika na balansi wiki nzima, na siku nati zikianza kulegea zinalegea zenyewe barabarani. Nati zenyewe pia hazichangiki, za Mini ni uzi wa UNF wa 3/8 na za Honda ni M12 kwa 1.5, kwa hiyo weka seti mbili kwenye buti na uzipake rangi tofauti.